Kibali cha kuongeza ghorofa: kaunta inachosha, wahandisi wanajua kazi

Ujenzi umekwisha, cheti cha kukalia jengo kimetoka, na sasa naweza kuandika tathmini ya idara ya ujenzi ya jiji letu nikiwa nimeiona kuanzia dirisha la kwanza hadi saini ya mwisho. Pale kuna ofisi mbili chini ya paa moja. Kuna kaunta inayopokea na kutoa makaratasi, na hiyo inawachosha watu bure. Halafu kuna wahandisi wanaopitia michoro na wakaguzi wanaokuja saiti, na hao wametufanyia kazi ambayo nawashukuru kwa moyo wote. Kaunta naipa nyota moja kati ya tano. Mapitio ya michoro nyota nne. Ukaguzi wa saiti nyota tano.

Maombi yetu yalikuwa ya kuongeza ghorofa moja juu ya nyumba ya chini aliyoijenga marehemu baba. Mama anakaa chini na hana mpango wa kuhama. Mimi na watoto tungekaa juu. Kwenye mchoro wa kwanza chumba cha mama kilikuwa chini kabisa ya sebule yetu, na tangi la maji lilikaa juu ya paa, moja kwa moja juu ya kitanda chake. Kila mtu aliyeniambia kibali ni usumbufu tu, mimi akili yangu ilikuwa kwenye kile kitanda.

Uzito wa ghorofa ni mkubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani tukiitazama kutoka barabarani. Mita moja ya ujazo ya zege ina kilo 2,400 hivi. Slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, yenye unene wa sentimita 15 inakuja na kilo 360 kwa kila mita ya mraba, kabla hujapandisha ukuta, hujaweka vigae, hujaingiza kabati wala mtu. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 12, ifunike yote kwa slabu hiyo: ni zaidi ya tani 43. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5 nyingine, tena zimekaa mahali pamoja. Huo wote ni mzigo ambao msingi wa nyumba ya chini haukuwahi kuambiwa kwamba utakuja. Ndiyo maana nasema anayeongeza ghorofa anahitaji jicho la mtu mwingine kuliko hata anayeanza kiwanja kitupu.

Sasa kaunta. Ukutani pale wamebandika orodha ya viambatisho: hati ya kiwanja, mchoro wa mipaka kutoka kwa mpima ardhi, michoro ya usanifu, michoro ya mihimili, hesabu za mhandisi, ripoti ya udongo, risiti ya malipo. Orodha yenyewe ni nzuri na inaeleweka. Tatizo ni kwamba wahudumu hawaifuati. Dirisha moja linataka nakala kadhaa za michoro zilizochapishwa, dirisha la pili linasema siku hizi kila kitu kinapandishwa kwenye mtandao, na mtandao wenyewe unagoma faili likiwa kubwa bila kukwambia ukubwa unaokubalika ni upi. Ukiuliza umsikilize nani, jibu ni "mhusika hayupo, pitia kesho." Mtu ameomba ruhusa kazini, amepanda magari mawili, amefika mapema kabla foleni haijajaa, halafu anaambiwa mhusika hayupo. Hakuna mhandisi anayehitajika kulitatua hilo. Ni kukaa chini wahudumu wote, wakubaliane orodha moja, wakaiheshimu.

Nikiwa mkweli, mhudumu mmoja alinisaidia sana, na kama wote wangekuwa kama yeye kaunta isingepata nyota moja. Mama mmoja wa makamo. Kabla hajagonga mhuri wa kupokea alifungua hati ya kiwanja, akaweka kitambulisho cha mama pembeni yake, akafuata jina kwa ncha ya kalamu, herufi moja moja. Akasimama. "Mwanangu, hapa jina la mama lina herufi imezidi. Nikikupokelea hivi utarudishiwa mbele ya safari, na safari yenyewe utakuwa umeshaimaliza nusu. Nenda kaandikishe kiapo cha jina kwanza." Nilikuwa na hamu ya kuona mhuri ule siku ile, lakini nilimshukuru papo hapo. Dakika chache za mtu anayesoma anachopokea zinaokoa wiki nzima za mwombaji.

Mnaoenda, dai namba ya jalada siku ile ile mnayopokelewa, na ukiambiwa kuna kilichopungua omba kiandikwe kwenye karatasi na aliyekuhudumia aweke jina lake. Maneno ya mdomo pale yanabadilika na zamu.

Nje ya geti wapo vishoka, madalali wasio rasmi. Wanakujua kwa bahasha uliyoshika. Mmoja alinifuata hadi kituo cha basi akiniahidi kwamba kibali kitatoka upesi na michoro haitapita kwa mhandisi hata mmoja, "utaletewa umekaa nyumbani." Alikuwa anaiuza hiyo kama sifa. Mimi naona kinyume kabisa: mhandisi kuipitia michoro ndiyo huduma yenyewe. Mhuri ambao hakuna aliyesoma kilicho chini yake hauwezi kushika tani 43.

Baada ya kaunta faili likapanda juu, na hapa ndipo sauti yangu inabadilika.

Kilichorudi ni karatasi ya hoja, iliyoandikwa kwa utulivu, kila hoja ikitaja namba ya mchoro na mahali penyewe kwenye mchoro. Hakukuwa na "rekebisha mapungufu" ile ya jumla inayomwacha mtu gizani. Hoja ya kwanza ilikuwa mstari mmoja: tuonyeshe kwamba msingi uliopo unaweza kubeba mzigo mpya. Mchora ramani wetu alikuwa ameandika kwenye mchoro kwamba msingi wa zamani unatosha. Mhandisi wa jiji alitaka kujua nani ameupima.

Basi tukachimba. Mhandisi wetu alichagua sehemu kadhaa kuzunguka nyumba, vijana wakashuka pembeni mwa ukuta hadi chini ya msingi, yeye akaingia shimoni na futi akapima upana na kina, akagonga zege kwa ile nyundo maalumu ya kupima ugumu, akapiga picha. Nilikuwa nimesimama juu ya shimo nikimwangalia. Msingi wa baba ulikuwa wa ukanda mwembamba chini ya kuta, umejengwa vizuri kwa kazi yake, na kazi yake ilikuwa kubeba kuta za nyumba ya chini na bati. Basi. Hata mimi nisiye fundi niliona hakukuwa na namna ya kuuwekea slabu, kuta za tofali na tangi.

Mchoro mpya uliachana kabisa na kuta za zamani. Ghorofa ingesimama juu ya nguzo zake zenyewe, kila nguzo na msingi wake mpana, mpya, nyumba ya baba ikabaki chini bila kuguswa na uzito wa juu. Gharama ilipanda, siwafichi, na tulilazimika kupunguza ukubwa wa ghorofa ili tuimudu. Tangi nalo likashuka, likakaa juu ya mnara wake pembeni ya nyumba, mbali na kitanda cha mama. Mstari mmoja wa mhandisi ambaye hanijui ulitufikisha hapo.

Wanaodhani hoja kama ile ni kutafutiana sababu, wasome kilichotokea Seoul tarehe 29 Juni 1995. Duka kubwa la Sampoong lilianguka likaua watu 502. Jengo lile lilianza kama mpango wa makazi ya ghorofa nne, likageuzwa kuwa duka, likaongezwa ghorofa ya tano, nguzo zikawa nyembamba kuliko zilivyotakiwa, na juu ya paa zikawekwa mashine nzito za kupoza hewa. Mkandarasi wa kwanza alipokataa mabadiliko hayo aliondolewa, akatafutwa mwingine. Na Rana Plaza, nje kidogo ya Dhaka, tarehe 24 Aprili 2013: watu 1,134 walikufa kwenye jengo ambalo ghorofa zake za juu ziliongezwa bila kibali, halafu zikajazwa viwanda vya nguo pamoja na jenereta. Nyufa zilionekana siku moja kabla, na wafanyakazi wakaambiwa waingie kazini. Kuongeza juu ya kilichopo kuna historia yake, na historia hiyo ina makaburi mengi.

Hoja nyingine zilikuwa ndogo, lakini nilizipenda kwa sababu kila moja ilikuja na sababu yake. Dirisha la jikoni lilikaa karibu mno na mpaka wa jirani. Nilidhani ni suala la faragha, kumbe ni moto: dirisha lililo karibu na mpaka ni njia ya moto kuvuka kutoka nyumba hadi nyumba. London iliungua namna hiyo mwaka 1666, nyumba za mbao zikipokezana moto mtaa kwa mtaa, na sheria ya ujenzi mpya ya mwaka 1667 ikaagiza kuta za nje ziwe za matofali au mawe, na wakawekwa watu wa kusimamia utekelezaji. Tukalihamishia dirisha upande wa ua. Jiko letu sasa linapata mwanga wa asubuhi, ambao kwenye mchoro wa kwanza haukuwepo.

Kwenye ngazi, mhandisi alijumlisha vidato akakuta kimo chake hakilingani na kimo cha sakafu hadi sakafu, kwa sababu mchora ramani hakuhesabu unene wa vigae vya juu. Kidato cha mwisho kingekuwa kifupi kuliko vyote. Mguu unakariri urefu wa kidato baada ya hatua chache tu, kwa hiyo kinachotofautiana ndicho kinachomwangusha mtu, hasa usiku, hasa mzee. Mama anapanda kwetu kila siku, na ngazi zile anazipanda akiwa na kikombe cha chai mkononi. Na shimo la maji taka: watu wakiongezeka ndani ya nyumba, maji machafu yanaongezeka, na shimo la zamani lilikuwa la watu wachache. Tukalipanua kabla ya kuanza kujenga, wakati bado ua ulikuwa wazi na gari la mchanga linaweza kuingia.

Nyota moja niliyowanyima watu wa mapitio ni ya muda. Hoja zilikuja kwa mafungu. Tulijibu za kwanza zote, faili likarudi juu, zikashuka nyingine ambazo zingeweza kuonekana tangu mwanzo, kwa kuwa zilihusu michoro ile ile ambayo haikubadilika. Nadhani wanapitia watu tofauti, wa usanifu, wa mihimili, wa mipango miji, wa zimamoto, na kila mmoja anaanza mwenzake akimaliza. Wangeisoma kwa wakati mmoja na kutoa karatasi moja, mwombaji angejibu yote kwa pamoja na angemlipa mchora ramani wake mara moja tu.

Katika kusubiri huko, kaka yangu akaja na wazo ambalo najua liko kwenye familia nyingi. "Dada, tuanze. Jumamosi na Jumapili hawapiti. Tukishamwaga slabu, watafanya nini? Tutahalalisha baadaye, tutalipa faini yao." Kaka ana uchungu na mama na alitaka nyumba ikamilike mama akiwa bado na nguvu, simlaumu. Nilimjibu kwa mfano wa Uturuki. Mwaka 2018 serikali ya huko ilitoa msamaha: mwenye jengo lisilo na kibali au lenye nyongeza zisizo na kibali aliweza kulipa, akapewa hati, na jukumu la uimara wa jengo akaachiwa yeye mwenyewe. Hakuna mhandisi aliyetakiwa kwenda kulipima kwanza. Tarehe 6 Februari 2023 likaja tetemeko, na zaidi ya watu 50,000 walikufa nchini Uturuki peke yake. Kuhalalisha baadaye kunaisafisha hati, na nondo zilizokwisha kuzikwa kwenye zege zinabaki vilevile zilivyowekwa. Kaka alinyamaza, kisha akaenda kununua mirunda, ile miti ya kushikilia mbao za slabu, tukaihifadhi, tukaendelea kusubiri.

Kibali kikatoka, na michoro ikagongwa mhuri ukurasa kwa ukurasa. Nakala moja inatakiwa ikae saiti muda wote wa ujenzi. Tuliiweka ndani ya mfuko wa nailoni, ikaning'inizwa kwenye msumari ndani ya banda la saruji, na fundi mkuu akaambiwa kwamba anayetaka kubishana abishane na hiyo.

Ubishi wa kwanza ulikuwa wa nguzo. Nguzo moja ilikaa vibaya kwa mtu anayeingiza gari, na fundi akashauri tuisogeze pembeni kidogo tu, mashimo yalikuwa hayajamwagwa. Ilionekana jambo dogo. Mkaguzi alipokuja kuona mashimo ya msingi alilikataa palepale: nguzo ikisogea, mchoro urudi kwa mhandisi aliyeuchora, apige hesabu upya, asaini, ndipo isogee. Mhandisi wetu aliunga mkono, na jioni hiyo akatusimulia habari ya hoteli ya Hyatt Regency ya Kansas City. Julai 1981, madaraja mawili ya ndani ya hoteli ile yalianguka juu ya watu waliokuwa wakicheza dansi, wakafa 114. Mchoro wa mwanzo ulikuwa na vyuma virefu vinavyoshuka kutoka darini na kuyashika madaraja yote mawili. Wakati wa utengenezaji vikagawanywa, daraja la chini likaning'inia kwenye daraja la juu, na kiungo cha daraja la juu kikajikuta kinabeba mzigo maradufu. Badiliko dogo, kwenye karatasi halionekani kama kitu, na hakuna aliyepiga hesabu upya. Nguzo yetu ilibaki mahali pake. Gari naliingiza kwa kurudi nyuma, na nimeshazoea.

Nataka nieleze kwa kirefu siku ya kukagua slabu, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Mbao zilikuwa zimefungwa, mirunda imesimama chini yake, nondo zimesukwa, mabomba ya umeme yamelazwa. Mafundi walitaka kumwaga kesho yake alfajiri na mashine ya kuchanganyia ilishakodiwa. Mkaguzi akafika, kijana, viatu vya saiti, daftari mfukoni. Hakuanza na maneno. Alizunguka chini kwanza akigonga mirunda kwa kiganja, mmoja uliocheza akaagiza ukazwe. Akapanda juu. Akahesabu nondo dhidi ya mchoro, akapima nafasi kati ya ringi kwenye boriti, akainama kutazama kama vipande vya zege vya kuinua nondo vipo, maana nondo ikilala juu ya mbao itabaki bila zege la kuifunika na kutu itaikuta mapema.

Kisha akafika kwenye baraza, ile sehemu ya slabu inayotoka nje ya ukuta bila nguzo chini yake. Akachuchumaa, akashusha futi kati ya nondo hadi kwenye mbao. Akainuka, akasogea hatua mbili, akashusha tena. Akaniita.

"Dada, njoo uone mwenyewe. Fundi naye aje."

Nondo za juu za baraza zilikuwa zimelala karibu na chini. Hazikuwekwa vibaya mwanzoni. Vijana walikuwa wamezikanyaga siku nzima wakipita na mabomba, viinuzi vikapinda, zikashuka. Mkaguzi alieleza taratibu, akitumia rula iliyokuwa mfukoni mwake: akaishika ncha moja, akabonyeza nyingine, rula ikainama. Upande wa juu ndio unaovutwa, akasema, na zege halijui kuvutwa, nondo ndiyo inayojua. Kwenye chumba cha kawaida slabu ikishikwa pande zote, mvuto katikati uko chini na nondo zinakaa chini. Kwenye baraza mambo yanapinduka. Nondo zikilala chini baraza halina cha kulishikilia. Litakaa, litapigwa rangi, litawekewa viti, na siku watu wakijaa juu yake linakatika pale pale lilipoungana na ukuta.

"Hapa hatumwagi kesho," akasema. "Mnyanyue hizi, mfunge viinuzi vya nondo nene, muweke mbao za kupita ili msikanyage tena. Mkimaliza nipigieni."

Fundi mkuu ni mzee aliyejenga maisha yake yote, na nilihofia ataona amevunjiwa heshima mbele ya vijana wake. Alitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Ni kweli, mwanangu, zimeshuka," akawaita vijana waanze kuzinyanyua. Mkaguzi alimwita mzee muda wote na hakumpandishia sauti hata mara moja. Heshima ile nayo naihesabu ndani ya nyota tano.

Alirudi, akapima tena, akasaini kwenye daftari la saiti, tukamwaga. Siku hiyo vilijazwa pia vile visanduku vya chuma vya sentimita 15 kila upande, vya kupeleka zege likavunjwe maabara, vingine baada ya siku 7 na vingine baada ya siku 28. Mirunda haikutolewa mpaka majibu yaliporuhusu, ingawa jirani mmoja alikuwa anaitaka na kila alipopita aliulizia. Leo kwenye baraza lile wanakaa wajukuu wa mama wakila embe, na mimi nawaacha wakae.

Upangaji wa siku ya ukaguzi unafanywa na kaunta, si na wakaguzi wenyewe, na hapo shida ya awali inarudi. Unapiga simu, unaambiwa mkaguzi atakuja "siku fulani", saa haitajwi. Mafundi wanalipwa kwa siku, wanakaa kivulini wakisubiri. Wakaguzi wenyewe wanalijua hili na mmoja alianza kunipigia akiwa njiani, kwa hiari yake. Jiji lingewapa waombaji saa, hata kama ni asubuhi au mchana tu, watu wengi wasingeshawishika kumwaga bila kukaguliwa. Naamini kabisa kwamba baadhi ya zege linalomwagwa kwa siri linamwagwa na watu walioomba ukaguzi wakasubiri hadi wakakata tamaa, na hilo linaniumiza, kwa sababu huduma yenyewe ipo na ni nzuri.

Ukaguzi wa mwisho, wa cheti cha kukalia jengo, ulikwenda haraka. Walitazama maji taka, waya wa umeme, ngazi, na ulinzi wa baraza: mkaguzi alipitisha ngumi yake kati ya vyuma akatuambia nafasi iwe ndogo kiasi kwamba kichwa cha mtoto hakipiti. Sehemu moja ilikuwa pana, mchomeleaji akaongeza chuma, cheti kikatoka. Usihamie bila cheti hicho hata kama umechoka na kodi ya nyumba ya kupanga, na ukikipata kiweke pamoja na michoro yenye mhuri. Atakayekuja kuongeza au kubomoa ukuta miaka ijayo, awe mtoto wako au mnunuzi, atahitaji kujua nguzo zimesimama wapi na zilihesabiwa kubeba nini. Sisi kwa nyumba ya baba hatukuwa na karatasi hata moja ya msingi, ndiyo maana tulilazimika kuchimba.

Kwa idara yenyewe, kama kuna mtu wao anasoma: chukueni zile hoja mnazowaandikia watu kila wiki, za msingi, ngazi, madirisha ya mpakani, maji taka, mzibandike pale kaunta karibu na orodha ya viambatisho. Mchora ramani atazisoma kabla hajaleta mchoro. Na kwa mwenye nyumba ya chini anayetaka kupandisha: kabla hujamlipa mtu kuchora ghorofa, mlipe mhandisi aje achimbe pembeni mwa msingi wako na akuandikie ripoti. Utaulizwa hilo kabla ya jambo lingine lolote, na jibu lake linaweza kuubadilisha mchoro wote.